Mtumbwi Ulionyamaza Dunga

Kila mara Joram Wabwire alipoelekeza kamera yake ziwani, mtu fulani alikuja mbio kusimama mbele yake. Alikuja kwa wema. Aliyekuwa akishona nyavu aliiweka sindano chini, akakung'uta suruali, akafunga vifungo vya shati mpaka kile cha shingoni, akasimama wima, mikono ubavuni, uso mkavu kama wa askari wa gwaride. Kisha akasema, "Haya, piga. Usiharibu filamu bure."

Kwa watu wa ufuo ule, kutoka Kisumu mpaka Usenge na ng'ambo mpaka Homa Bay, picha ilikuwa mtu. Mtu mzima, kichwa hadi viatu. Ukimkata miguu alikuuliza umeipeleka wapi. Ukipiga maji matupu na mawingu, walikuonea huruma, wakadhani labda hukupata wa kukusimamia.

Wabwire alikuwa Msamia, mzaliwa wa Funyula, na mwaka huo wa 1988 alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Migosi, Kisumu, pamoja na mkewe Jentrix na binti yao mdogo Elsie. Aliendesha pikapu ya muuza jumla mmoja, akipeleka sabuni, viberiti na majani ya chai kwenye maduka ya ufuoni. Ilikuwa kazi ya kumfaa mtu ambaye miguu yake haikujua kutulia. Leo Asembo, kesho Bondo, siku nyingine kwenye feri akivuka na maboksi yake. Kwenye kiti cha pembeni, ndani ya taulo, ilisafiri kamera ya Kirusi nzito kama tofali, aliyoinunua kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akirudi kwao Ulaya.

Alijifunza kuitumia kwa kukosea, na alikosea sana mpaka akaacha kukosea. Alijua jua la asubuhi linavyolala juu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa Usenge hadi ufuo mzima ukang'aa kama bati jipya. Alijua asimame upande gani wa feri ili moshi usimwingilie. Alijua kiboko akizama hapa ataibukia wapi. Alijua pia kwamba yeye ni hodari, na hilo hakulificha kwa mtu yeyote.

"Picha hizi zitaishi kuliko mimi," alimwambia Jentrix akipigilia msumari mwingine sebuleni.

"Ziishi wapi, Baba Elsie? Ukuta umeisha. Mgeni akija anauliza, mama, jamaa zenu wako wapi? Nimwonyeshe kiboko?"

"Mwambie huyo ni shemeji yako."

"Kwenu Funyula labda," alisema Jentrix, akamshikia ngazi.

Kulikuwa na mnyama mmoja ambaye hakuwa ukutani, naye alimkosesha Wabwire usingizi. Wavuvi wa Dunga, ufuo ulio karibu na Kisumu, walisimulia habari za swala anayeishi ndani kabisa ya mafunjo, yale matete marefu yanayosukwa mikeka. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka, hukanyaga tope bila kuzama. Akiogopa hakimbilii nchi kavu kama swala wengine. Huingia majini taratibu, akazama, akabakiza pua. Wengi walikuwa wameona mgongo wake, au mafunjo yakitikisika alipopita. Wabwire alimtafuta vitabuni, akakuta kwa Kiswahili anaitwa nzohe. Jina hilo lilimpendeza sana. Aliamua kwamba nzohe wa Dunga atapigwa picha, na kwamba atakayempiga ni yeye.

Mwenye mtumbwi alikuwa rafiki yake Ochieng, mvuvi wa palepale Dunga, aliyeshusha samaki mahali ambapo baba yake na babu yake walishusha. Ochieng alikuwa na mikono mitulivu na mdomo usiotulia. Walitoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, na kila safari iliharibika kwa namna moja. Mtumbwi mwingine ukisikika popote, Ochieng aliinua shingo na kupaza salamu ya asubuhi ya Kijaluo, "Oyawore!"

"Oyawore ahinya!" ukungu ulijibu. "Ni nani?"

"Ni Ochieng wa Dunga! Mmepata nini?"

"Ngege wadogo, na kelele zako!"

Mafunjo yalitikisika mara moja, basi. Mnyama ameshakwenda.

"Ochieng, unamfukuza," Wabwire alinong'ona.

"Sasa nisisalimu? Nikae kama jakuo?" Jakuo ni mwizi, na Ochieng hakulitamka neno hilo kwa mzaha. Ziwani, gizani na kwenye ukungu, mtu hutambulika kwa sauti. Ukiitwa unaitika, unataja jina na ufuo wako, na wenye nyavu wanajua ni nani anayepita juu ya mali yao. Mtumbwi usioitika ni wa mwizi wa nyavu, hakuna maelezo mengine. Na msimu ule nyavu zilikuwa zimekatwa na kubebwa mara nyingi, watu wa Dunga walikuwa wakilala na masikio wazi.

Wabwire aliijua desturi hiyo jinsi mtu anavyozijua sheria za nyumba ya jirani. "Dakika chache tu," alisihi. "Tukifika kwenye mafunjo, usimjibu mtu."

"Wewe hujui watu hawa."

"Ni watu wako. Watakuelewa."

Ochieng alitema mate majini, akakubali kwa shingo upande.

Safari iliyofuata waliingia kwenye kijito chembamba katikati ya mafunjo. Ochieng alichomeka kasia kwenye tope na kuliegemea, mtumbwi ukakaa kama umejengewa hapo. Ukungu ulianza kuwa mweupe. Wabwire aliinua kamera na hakuishusha tena. Mkono ulimwuma, akauacha uume. Kisha, pale ambapo palikuwa na mashina ya mafunjo tu, palikuwa na jicho.

Nzohe alikuwa amesimama majini hadi kifuani, masikio mbele, akiwatazama.

Nyuma yao, mbali kidogo, sauti iliita, "Oyawore! Ni nani hapo?"

Wabwire alihisi Ochieng akivuta pumzi ya kujibu. Alinyoosha mkono mmoja nyuma, akalishika goti la rafiki yake kwa nguvu, akatoa pumzi, akaurudisha mkono kwenye kamera, akafyatua. Kamera ile ililia kama mlango wa pikapu. Nzohe hakuruka. Alishuka tu, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi, hadi ikabaki pua.

"Ni nani? Jibuni!" Sauti ilikuwa imekaribia.

Hapo wangeweza kujibu. Picha ilikuwa imeshaingia. Lakini Wabwire alitaka nyingine, nzohe akiinuka, maji yakimchuruzika, akatikisa kichwa bila kugeuka. Ochieng akameza sauti yake. Walichosikia baada ya hapo ni makasia mengi yakija kwa kasi.

"Ni Ochieng!" Ochieng alipiga kelele, amechelewa. "Ni mimi, Ochieng wa Dunga!"

"Ochieng gani?" mtu alifoka ndani ya ukungu. "Ochieng tunayemjua hanyamazi hata kanisani!"

Walisindikizwa hadi ufuoni katikati ya mitumbwi mitatu. Habari iliwatangulia, kwa maana wanawake waliokuja kununua samaki walikuwa wamekwisha kusimama mstari. Mwenyekiti wa ufuo, Mzee Absalom Ogola, aliyevaa koti zito la mvua hata siku za jua, alisikiliza wote kwa zamu. Nyavu ndani ya mtumbwi hazikuonekana. Kisu kilikuwapo, lakini kila mtumbwi una kisu.

"Mliitwa?" aliuliza.

"Tuliitwa, Mzee," alisema Ochieng.

"Mkajibu?"

Ochieng alitazama miguu yake. Wabwire alisonga mbele. "Mimi ndiye niliyemkataza. Kulikuwa na swala wa mafunjo mbele yetu. Nimempiga picha. Jibu lenu limo humu." Akaigonga kamera kwa kidole.

Kijana mmoja wa doria ya nyavu akainyakua, akaanza kutafuta mahali pa kufungulia.

"Usifungue! Mwanga ukiingia utaila picha!"

"Sikieni huyu! Ati mwanga unakula!" Ufuo mzima ukacheka. Wabwire hakucheka, na hakuomba. Alisimama kama mwenye duka anayejua bidhaa yake, akasema, "Iosheni filamu. Mkimkosa mnyama huyo, niiteni mnavyotaka."

Rosa Anyango, mchuuzi wa samaki na katibu wa kamati ya ufuo, alishika kiuno. "Na asiende nayo yeye. Huyu ni mtu wa mjini, atatuletea swala wa kalenda. Nitaipeleka studio mimi."

Mzee Absalom alikubali. Kisha akatamka maneno yaliyomfanya Ochieng aketi chini mchangani. Makasia ya Ochieng yatafungiwa kwenye stoo ya kamati. Picha ikija na mnyama, atarudishiwa. Picha ikikosa mnyama, mtumbwi wake utafute ufuo mwingine.

"Umepata picha yako," Ochieng alisema watu walipotawanyika. "Mimi nimepata nini?"

"Imetoka, Ochieng. Nilimwona vizuri kabisa."

"Ulimwona wewe. Mimi niliona mgongo wako."

Wabwire alirudi Migosi akamweleza Jentrix kila kitu. Jentrix alizima jiko kwanza, ndipo akasema, "Wewe una uhakika na kamera. Ochieng ana uhakika na nini?" Swali hilo lilimfuata Wabwire hadi kitandani. Lakini alilala. Kidole chake kilikumbuka ule mfyatuko, naye alikiamini kidole chake kuliko maneno ya ufuo mzima.

Siku ambayo picha zilikuwa tayari, aliegesha pikapu Dunga, maboksi ya sabuni yakiwa bado nyuma. Rosa alifika na bahasha ya studio kifuani. Watu walimzunguka. Alimpa Mzee Absalom picha moja moja, na kila moja ilipita mkono kwa mkono.

Mama wa Usenge amesimama kando ya omena wake. Mwanamume ameinua samaki, mbuta mkubwa kama mtoto wa shule. Familia nzima kwenye feri, viatu vyote vikionekana. Fundi cherehani. Mama mwingine, omena wengine.

"Nzuri," alisema Mzee Absalom. "Swala yuko wapi?"

Rosa aliipindua bahasha, akaikung'uta. "Ndizo hizo."

Mtu aliguna. Ochieng aliutazama mlango wa stoo, kisha akautazama mtumbwi wake uliokaushwa na jua, akaanza kuinuka kama mtu anayetaka kwenda kukusanya vitu vyake.

Moyo wa Wabwire ulianguka, lakini haukufika mbali. Alizichukua zile picha, akazipitia upya haraka. "Dada Rosa," alisema, "zote hizi zina watu."

"Sasa picha iwe na nini?"

"Yule binti wa studio, Milka, alikuuliza nini?"

"Aliuliza nataka zote au nzuri tu. Nikamwambia nzuri. Ile pesa ni ya kamati, siwezi kulipia zilizoharibika."

"Zilizoharibika ni zipi?"

"Zile hazina mtu. Alisema kuna moja ni nyasi nyasi tu, mwenyewe hata hakutokea." Rosa alianza kusema jambo lingine, akaacha. Akamtazama Wabwire. Mdomo ukabaki wazi. "Uwi!"

"Ndiyo hiyo," alisema Wabwire. "Mwenyewe ni swala."

Negativu, yaani filamu yenyewe iliyooshwa, zilikuwa zimebanwa ndani kabisa ya bahasha. Wabwire aliuinua ule utepe mweusi kuelekea jua, akauonyesha kwa Mzee Absalom. Mzee alikunja jicho moja. "Hapa maji ni meusi. Mafunjo ni meupe. Na huyu mama wa Usenge ana meno meusi."

"Kila kitu humo kimegeuzwa, Mzee. Cheupe ni cheusi."

"Kitu kilichogeuzwa nikiamini vipi?"

"Usikiamini. Panda gari twende ukaione picha ikizaliwa."

Mzee Absalom hakuwahi kualikwa namna hiyo. Alifunga koti lake. Akaketi mbele, Rosa katikati, Ochieng akapanda nyuma juu ya maboksi ya sabuni, na pikapu ikashika njia ya mjini.

Milka Awuor alipinga mlangoni. Chumba cha giza ni cha watu wawili, alisema, na mmoja ni yeye. Alipomwona Mzee alivyosimama, akawaachia njia. "Mzee aingie na Wabwire. Wengine mbaki nje. Na mtu asiguse mlango."

Ndani kulikuwa na taa moja nyekundu na harufu kali ya siki. Milka aliweka negativu kwenye mashine, akawasha mwanga juu ya karatasi, akauzima, akaitumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa. Mzee Absalom aliinama.

"Karatasi tupu," alisema.

"Ngoja, Baba," alisema Milka, akilitikisa beseni polepole.

Kwanza yalikuja mashina, mistari myembamba ya kijivu, kama mtu anayechora kwa mkaa bila haraka. Halafu maji. Katikati palibaki peupe, na Wabwire akainua kidole bila kugusa. "Hapa."

Pembe zilitangulia, zimejisokota. Kisha masikio. Kisha uso, na alama nyeupe kati ya macho, na jicho lenyewe, jeusi, limewaelekea wao. Mnyama aliibuka kutoka chini ya ile dawa kama anavyoibuka ziwani. Mzee Absalom alitoa sauti ndogo na kusema maneno kadhaa kwa Kijaluo ambayo Wabwire hakuyapata yote. Alipata neno moja, dume.

"Yupo?" Rosa aliita nje ya mlango.

"Yupo! Usifungue!" Mzee alinguruma. "Mwanga utamla!"

Hakutoka haraka. Milka alipoisafisha picha na kuwasha taa ya kawaida, Mzee aliisogeza karibu na uso, akaanza kuisoma kwa jicho lingine kabisa, jicho la mvuvi. Aligusa pembeni pa karatasi. "Hapa ni kwenye kile kijito cha kupotea. Maji hayafiki magotini, chini ni tope. Hakuna mtu anayetega hapa. Mwizi akija hapa ataiba nini, vyura?" Akafungua mlango mwenyewe na kumwita Ochieng. "Njoo umwone mtu aliyekufungia makasia."

Ochieng aliishika picha kwa ncha za vidole. Alitazama muda mrefu. "Kumbe ana sura ya kiburi," alisema. Kisha, "Na mimi niko wapi?"

"Angalia mashina," Wabwire alisema. "Kila moja limesimama peke yake, hakuna lililotikisika. Mtumbwi ungeyumba kidole kimoja, hapo pangekuwa na uji. Wewe ndiye uliyeushika."

Ochieng aliangalia mashina. Akaanza kutabasamu, akajizuia, akashindwa.

"Wewe," Mzee Absalom alimgeukia Wabwire. "Picha yako ni nzuri. Tabia yako ni mbaya. Mtu akiita ziwani, anaitikiwa. Kimya chako kidogo tu, nusura tumfukuze mtoto wa watu."

"Nilikosa, Mzee. Yeye alitaka kuitika, nikamzuia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa tamaa." Wabwire alishindwa kuliacha hapo. "Lakini ile ya kwanza, kama tungeitika, leo usingekuwa unamtazama."

Rosa alivuta pumzi. Mzee Absalom aliiangalia picha tena, kisha akamwangalia yule muuza sabuni, akacheka kwa pua.

"Hilo nalo ni kweli," alisema. "Sasa hizo kweli mbili zitakaaje kwenye ufuo mmoja?"

Aliwaza njia nzima ya kurudi, mikono juu ya koti, Rosa akimpa mapendekezo ambayo hakuyajibu. Walipofika Dunga aliwaita wenye mitumbwi wote. Aliipitisha picha kwanza. Watu ambao hawakuwahi kutazama picha isiyo na mtu waliinamiana vichwa, wakabishana ni nani alimwona mnyama huyo mwanzo, na mwaka gani, na kama alikuwa mkubwa zaidi wakati huo. Ndipo Mzee alipofungua stoo mwenyewe, akampa Ochieng makasia yake mbele ya kila jicho. Kisha akatoa uamuzi: atakayetaka kunyamaza ziwani, aruhusiwe kunyamaza, ila atangaze kwanza kwamba ananyamaza.

"Atangaze kwa sauti?" aliuliza Wabwire.

"Sasa atangaze kwa nini, kwa kamera?"

Wiki iliyofuata walitoka tena alfajiri, ukungu ukiwa mzito. Walipofika mdomo wa kile kijito, Ochieng aliacha kupiga kasia, akasimama wima ndani ya mtumbwi, akajaza kifua.

"Oyawore! Ni Ochieng wa Dunga na mtu wa picha! Tunaingia kwenye mafunjo! Tunaanza kunyamaza!"

Ukungu ulijibu kutoka pande zote. "Oyawore ahinya! Mnanyamaza mpaka lini?"

"Mpaka jua lipande!"

"Na huyo swala mmemwambia?"

Vicheko vilizunguka juu ya maji. Kundi zima la ndege weupe liliinuka ghafla kutoka kwenye mafunjo, mabawa yakipasua ukungu. Wabwire aliinua kamera na kufyatua, akaivuta filamu, akafyatua tena, akijua wakati uleule kwamba hizo zitakuwa nzuri. Halafu ndege wakatua mbali, na maji yakatulia. Ochieng alichomeka kasia kwenye tope, akafunga mdomo.

Walikaa hivyo muda mrefu. Mafunjo yalitikisika upande wa kushoto, yakaacha. Wabwire alielekeza kamera huko.

"Ochieng!" sauti iliita kwa mbali, ya mtu anayejua anachofanya. "Bado umenyamaza?"

Ochieng alikunja uso. Mashavu yalikuwa yamemvimba kwa jibu, macho yamemtoka, akimtazama Wabwire kama mtu aliyeshikilia chafya. Wabwire aliyatazama mafunjo. Akamtazama rafiki yake. Akaishusha kamera magotini.

"Mjibu," alisema.